Mfarishi Hauwambwi kwa Magoti

Anayetaka kushona mfarishi Iwawa mwezi wa Julai huanza kwa kuhamisha vyombo. Meza ya sebuleni inatolewa nje, makochi yanasukumwa ukutani, watoto wanapelekwa kwa jirani, sakafu inadekiwa na kusubiriwa ikauke. Na katika mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, saruji iliyodekiwa asubuhi ya Julai haina haraka ya kukauka. Kisha mshonaji anavua viatu, anapiga magoti na kuanza kutambaa. Kichekesho kiko hapo: meza imetolewa nje ili kazi ya meza ifanyike chini.

Mfarishi ni neno la kamusi. Sokoni watu husema duveti, na wachache kwilti. Kwa vyovyote uitwavyo, una matabaka matatu: uso wa vipande vilivyoungwa, tabaka la joto katikati, na kitambaa cha mgongo. Kabla ya kushonwa moja kwa moja, matabaka hayo hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, ambayo baadaye hufumuliwa na kutupwa. Hiyo ndiyo kupiga bandi. Kazi ikishakamilika hakuna anayeiona, lakini ndiyo inayoamua kama mgongo wa mfarishi utatulia au utajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Na juu ya kazi hiyo kuna amri moja ambayo kila mtu anairudia, kuanzia fundi wa barazani hadi mwalimu wa kwenye simu: lazima utandike chini, dada. Sakafu ndiyo pana, sakafu ndiyo nyoofu, na asiyetaka kupiga magoti hataki kazi nzuri.

Amri hiyo imekosea. Imekosea hesabu, imekosea historia, na imekosea hasa juu ya kile kinachofanya kitambaa kinyooke.

Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete mkoani Njombe, haujawahi kuwa mji wa mifarishi. Ni mji wa mablanketi na makoti mazito, na duveti zake nyingi hufika ndani ya marobota ya mtumba, kwa magari yanayoiacha barabara kuu ya Zambia pale Makambako, yakapita Njombe mjini, kisha yakapanda milima kilometa nyingine zaidi ya 100. Lakini baridi ya huko haibembelezi. Kwenye uwanda wa Kitulo, jirani tu, jalidi huonekana kwenye nyasi miezi ya katikati ya mwaka. Na kila penye cherehani pana gunia la masalio ya vitenge. Mwenye masalio hayo na blanketi kuukuu ana tayari uso na tabaka la joto. Kitambaa cha mgongo anakinunua dukani. Kinachomkwamisha mara nyingi ni imani kwamba bila sebule kubwa tupu hawezi kuanza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoumiza zaidi. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kinahitaji mfarishi wa karibu meta 2.2 kila upande ili uning'inie kidogo pembeni. Katikati yake pako meta 1.1 kutoka ukingo wowote. Mtu mzima aliyepiga magoti akanyoosha mkono hufika sentimeta 60, labda 70, akiwa bado na nguvu ya kusukuma sindano. Kwa hiyo eneo lote la katikati, lile lile ambalo walimu wa sakafuni husema lazima lianzwe kwanza, halifikiki mpaka mshonaji apande juu ya nguo aliyokwisha kuinyoosha. Anapanda kwa magoti. Kila goti linapokanyaga linasukuma tabaka la juu kwenda mbele na kuliacha la chini lilipo. Anaposhuka, analainisha tena alichokivuruga mwenyewe. Wanaotumia pini badala ya uzi huambiwa wachome moja kila upana wa kiganja, yaani kila sentimeta 10 hivi. Kwa mfarishi huo ni pini 22 kwa 22, jumla 484. Karibu mara mia tano za kuinama, kuchoma, kufunga na kuhama.

Watetezi wa sakafu wana jibu: usumbufu upo, lakini unyoofu unaopatikana unaulipia. Hapa ndipo hoja yao inapovunjika, kwa sababu unyoofu hautoki sakafuni.

Kiswahili kina kitenzi chake kwa jambo hili: kuwamba. Ngozi huwambwa kwenye ngoma, kamba huwambwa kwenye kitanda, na fundi makochi wa Makambako huwamba kitambaa kwenye fremu akiwa amesimama wima, nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni. Popote kitu kinapowambwa, mambo mawili hayakosi: ukingo ulioshikwa, na mvuto uliolingana. Hakuna aliyewahi kutengeneza ngoma kwa kuilaza ngozi chini na kuipapasa. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, wakimsema mbinafsi, lakini ni kana kwamba walimwona mtu anayepiga bandi sakafuni. Anapiga magoti upande wa mlango, anavuta kitambaa kwake. Anazunguka upande wa dirisha, anakivuta tena kwake. Ziada ya pande zote mbili inakimbilia katikati na kujikusanya kwenye tabaka la chini, ambalo haoni. Sakafu imebeba nguo tu; haijavuta chochote.

Tena sakafu yenyewe hainyooki kama inavyosifiwa. Saruji ya nyumba zetu mara nyingi huinamishwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke. Ina nyufa, ina vipele pale fundi alipochoka kusugua. Ili kuepuka ubaridi na vumbi, mshonaji hutandika jamvi au kapeti chini ya kazi, na hapo anaongeza tabaka la nne ambalo halikualikwa. Waliowahi kumaliza safu tatu za bandi na kugundua kwamba wameushona mfarishi pamoja na jamvi wanajua uchungu wake. Mezani mkono unapita chini ya nguo na kuhisi kilichoko. Sakafuni mkono hauna pa kupita.

Kuna wanaogandisha kingo za kitambaa cha mgongo sakafuni kwa utepe wa gundi ili kisicheze. Hao angalau wameelewa kwamba kunahitajika mvuto, ila huvuta kupita kiasi. Kitambaa kilichovutwa kama kamba ya kuanikia hutulia kikiwa kimegandishwa. Utepe ukitolewa, kinarudi saizi yake, kikisinyaa chini ya tabaka la juu ambalo halikuvutwa. Matokeo yake ni mikunjo mgongoni, na lawama zinamwendea mshonaji kwamba hakulainisha vya kutosha. Kitambaa cha mgongo kinatakiwa kukaza bila kutanuka.

Hoja nyingine ya sakafu ni ya heshima: bibi zetu walifanya kazi chini. Ni kweli walikaa chini. Lakini tazama walichofanya wakiwa wamekaa. Mkeka wa pwani haufumwi ukiwa umetandazwa. Msusi husuka ukili, utepe mrefu mwembamba, na utepe huo ndio unaoungwa ukingo kwa ukingo mpaka upana utimie. Kazi iko mapajani. Kilichokamilika kinajikunja pembeni. Mkeka mzima huonekana umetandazwa mara ya kwanza siku ya kumaliza. Kwa maneno mengine, wazee walifanya kazi pana kwa ukanda mwembamba, ukanda mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho na mikono. Anayetaka kuwaenzi na awaige katika hilo.

Kuna ushahidi wa mbali zaidi, na una damu ya upande huu wa bahari. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi wao watumwa waliopitia Goa ya Wareno. Wanawake wa Kisiddi hushona mfarishi unaoitwa kawandi kutoka kwenye nguo zilizochakaa. Mshonaji huchukua kitambaa cha mgongo, mara nyingi sari kuukuu, anaanza kwenye pembe moja, anaweka kiraka na kukishona, anaweka kingine, akizunguka kingo zote nne na kuingia ndani mzunguko kwa mzunguko, mpaka mishono ikutane katikati. Pembeni huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa maua. Kawandi isiyo na maua huhesabiwa kuwa uchi. Mwaka 2004 ulianzishwa ushirika wao wa kushona, kwa msaada wa Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Hakuna bandi kabisa katika kawandi. Matabaka hayalazwi yote kwa mpigo yakangoja kushikizwa; yanashikana kadiri sindano inavyosonga, na kazi iko mapajani muda wote. Kama sakafu pana ingekuwa sharti, kawandi isingekuwepo. Na ipo, imening'inizwa hadi kwenye kuta za majumba ya makumbusho ya Marekani.

Hao Wamarekani nao, ambao video zao ndizo zinazotufundisha kutambaa, wana historia tofauti na somo lao. Nchi hiyo ndiyo iliyoleta Zanzibar, katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kisicho na rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, mpaka kitambaa chenyewe kikaitwa marekani na jina likabaki hadi leo, na bado kinafaa sana kwa mgongo wa mfarishi. Wakati huo huo wanawake wa mashambani kwao walikuwa wakiwamba mifarishi kwenye fremu ya mbao nne. Katika nyumba ndogo fremu hiyo ilitundikwa darini kwa kamba: mchana inashushwa, majirani wanakaa kuizunguka na kushona, jioni inavutwa juu ili watu wapate pa kulia chakula. Hawakuwa na sebule kubwa. Walikuwa na dari na kamba. Hata leo wenye mashine kubwa za biashara hawapigi bandi: matabaka hufungwa kwenye rola, na mashine hushona eneo lililo wazi katikati ya rola, kisha nguo inavingirishwa mbele. Kwa hiyo kuanzia fremu ya darini hadi mashine ya mamilioni ya shilingi, wanaoishi kwa kazi hii huwamba. Sakafu ni ya aliyeambiwa tu kwamba hana njia nyingine.

Njia nyingine ipo, na mali ghafi yake imejaa mkoani Njombe. Ni mbao mbili.

Zinahitajika mbao mbili nyembamba za paini, inchi 1 kwa 3 zinatosha, ndefu kuliko upana wa mfarishi kwa kiganja kimoja kila upande. Mkoa unaopakia mbao kwenye malori hauwezi kumnyima mshonaji vipande viwili. Zipigwe msasa mpaka zisikwaruze, maana kibanzi kimoja cha paini kinararua kitenge kama wembe. Katikati ya kila ubao patiwe alama ya penseli. Kitambaa cha mgongo na uso vikunjwe nusu na kutiwa alama ya chaki katikati ya ukingo, na vyote vipigwe pasi kabla ya kuanza. Mwenye pasi ya mkaa aitingishe nje kwanza, cheche moja hutoboa uso wa wiki tatu. Meza mbili za futi 4 zikiunganishwa zinatosha. Zikiwa fupi kwa aliyesimama, miguu ya meza iwekwe juu ya matofali mpaka uso wa meza ukaribie viwiko.

Kitambaa cha mgongo kinavingirishwa kwenye ubao wa kwanza, alama ikikaa juu ya alama. Uso unavingirishwa kwenye wa pili. Ubao wa kwanza unawekwa upande wa mbali wa meza, na kitambaa chake kinavutwa kuelekea kwa mshonaji, ndani yake kukiwa juu, kiasi cha nusu meta tu. Juu yake linalazwa tabaka la katikati, blanketi au faiba, likipapaswa kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha ubao wa pili unafunguliwa juu ya hayo, ua la kitenge likitazama dari. Sasa yako mbele yake matabaka matatu yenye upana wote wa mfarishi na kina cha nusu meta. Hakuna sehemu isiyofikika.

Ndipo bandi inapigwa: uzi mweupe, ili rangi isichujie kwenye nguo, mishono ya mshazari ya sentimeta 3 au 4, safu baada ya safu. Ncha ya uzi haifungwi fundo, inaachwa ikining'inia, maana itafumuliwa. Mkono wa kushoto uko chini ya nguo ukisoma mgongo kwa vidole. Safu za nusu meta hiyo zikiisha, kilichokamilika kinavutwa kwa mshonaji na kuteremka kwenye kiti kilichowekwa mbele ya meza, na mbao zinafunguliwa mzunguko mwingine. Kazi ambayo sakafuni hujaribiwa kwa kupiga magoti na kutambaa huku na kule, hapa inafanywa na uzito wa mbao: zinakaa pale mbali, zimetulia, zikikaza kitambaa upana mzima kwa nguvu ile ile.

Wakosoaji watasema kwamba kitu kinachoning'inia mezani huvuta, na kinachovuta hupotosha. Ni hoja ya kweli, na ni ya kweli hasa kwa yule anayetupa mfarishi mzima juu ya meza ndogo na kuacha pande zote nne zianguke. Huyo ataharibu, na atarudi sakafuni akisema meza imemshinda. Kwenye mbao hakuna kinachoning'inia upande wa mbali, kwa kuwa kimevingirishwa. Na upande wa karibu unapokelewa na kiti. Kinachoweza kuharibu ni kuvingirisha kombo tangu mwanzo. Alama za katikati zikipishana kwa inchi moja, kombo hilo litatembea mpaka mwisho wa nguo, na hapo hata sakafu ya ukumbi wa mikutano isingesaidia.

Wengine, wa kisasa zaidi, watasema hayo yote ni ya zamani: nunua gundi ya kupuliza, umalize kwa dakika 20. Gundi hiyo hushika, hilo halina ubishi. Lakini nyingi huwaka moto, na mvuke wake unatakiwa kupulizwa penye hewa, dirisha likiwa wazi. Ushauri huo apewe mtu wa Iwawa mwezi wa Julai, mwenye jiko la mkaa chumbani na madirisha yaliyofungwa tangu Mei, halafu tuone nani atakuwa jasiri wa kutosha kuufuata.

Linalokera zaidi katika amri ya sakafu ni wale inaowafungia mlango. Kupiga magoti kwa saa nyingi kwenye kitu kigumu huvimbisha kifuko cha maji kilicho mbele ya goti, kama wanavyojua wanaotandaza vigae. Mjamzito hawezi. Mwenye mgongo mbovu hawezi. Bibi wa miaka 70, ambaye vidole vyake bado vinaweza mshono mdogo kuliko wa mjukuu, anaambiwa umri wake umepita, wakati kilichochoka ni magoti tu. Pale Iringa, kwenye barabara kuu ile ile ya Zambia inayopita Makambako, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, karakana ambako watu wenye ulemavu hufuma, hushona na kuuza kazi zinazonunuliwa kwa ubora wake. Mtu wa kiti cha magurudumu akiambiwa kwamba mfarishi mzuri huanzia sakafuni, ameambiwa kwa lugha ya ufundi kwamba hatakiwi. Na sababu aliyopewa haina ukweli.

Sakafu iachiwe haki yake moja. Bandi ikishakwisha, mfarishi unahitaji kutandazwa wote mara moja ili mshazari upimwe: pembe hadi pembe kwa futi kamba, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, nguo haikwenda kombo. Vikipishana kwa zaidi ya inchi, safu mbili tatu za mwisho hufumuliwa na ubao kurekebishwa. Upimaji wenyewe hauchukui dakika tano, na hata huo hufanyika vizuri tu juu ya kitanda cha futi 6 kwa 6, mfarishi ukiwa tayari mahali utakapolala.